Kinachotisha Si Mkoromo, Ni Ukimya

Haya niliyasema kwenye mkutano wa madereva na wenza wao hapa Kizota, Dodoma. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokuwa barabarani siku ile, na kwa mkutano wa madereva hao huwa ni wengi kuliko waliohudhuria.

Mbukwenyi!

Hapana, upande wa kulia mmeitikia kama mmeshuka jana kutoka Dar es Salaam. Mbukwenyi! Haya, sasa nimesikia. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, poleni na jua. Vijana, marahaba, hata wale ambao hamjanisalimia.

Kabla sijaanza, naomba anayekoroma usiku anyooshe mkono. Msione haya. Mmoja, wawili, yule mzee pale nyuma, watatu. Asanteni kwa ukweli. Sasa anyooshe mkono anayelala na mtu anayekoroma. Ee! Ukumbi mzima. Mnaona hesabu zinavyogoma? Wanaokoroma watatu, wanaolala nao zaidi ya hamsini. Basi hawa wazee watatu wana nyumba nyingi sana.

Mnacheka, lakini ndiyo mada yenyewe. Anayekoroma ndiye mtu wa mwisho kujua. Nasema hivi si kwa kuwacheka, maana mimi niliyesimama hapa, afisa tabibu mstaafu, miaka 34 ya koti jeupe, nilikuwa wa mwisho kujua habari zangu mwenyewe.

Nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kuja nyumbani. Pembeni yangu alikaa binti mmoja, mwanafunzi wa chuo. Tulipoiacha Morogoro nikasema ngoja nipumzishe macho kidogo. Nilipozinduka watu wanashusha mizigo, tumefika. Yule binti akaniambia kwa adabu zote, "Babu, samahani, nimekurekodi." Damu ikanipanda. Nikajua nimeshaingia mtandaoni, nchi nzima inanicheka. Akasema, "Usikasirike babu. Nilikuona unaacha kupumua, nikaogopa. Nikaona nirekodi ili ukamwoneshe daktari." Sikuwa na mdomo wa kumwambia kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Akanitumia ile video. Nikaiangalia usiku, nimekaa kitandani, mama watoto kando. Namwona mzee kalaza kichwa nyuma, mdomo wazi kama mlango wa ghala, udenda umefika kwenye kola. Anakoroma. Krrr. Krrr. Krrr. Hapo nilikuwa nacheka. Halafu kimya. Nikadhani video imekwama. Haikukwama, maana nyuma yangu mama mmoja anaendelea kumenya chungwa. Nikatazama vizuri. Tumbo la yule mzee linapanda na kushuka, kifua kinavuta, shingo inakaza, na hakuna hewa inayoingia. Nikachukua saa, nikarudisha video nyuma, nikahesabu. Sekunde 17. Kisha akavuta pumzi kwa mshindo kama mtu aliyeibuliwa kisimani, akageuza kichwa, akaanza tena krrr, krrr, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilipoinua macho, mama watoto haangalii simu. Ananiangalia mimi. Akasema, "Hiyo ni ya dakika sita. Mimi ninayo ya miaka kumi na moja." Vile viwiko alivyokuwa akinipiga usiku, nami naamka nimenuna nikidhani ni ugomvi wa mchana umehamia kitandani, kumbe alikuwa ananirudisha duniani.

Ndugu zangu, kinachotisha si mkoromo. Ni ukimya. Nitalirudia hilo mpaka mchoke.

Mkoromo wenyewe ni nini? Ninyi wa malori mnalijua jibu kuliko mimi. Turubai likifungwa likakaza, unapita Bahi na upepo wake wote na halisemi neno. Kamba ikilegea, linaanza kupiga makofi mpaka unasimamisha gari. Koo nalo lina turubai lake. Kaakaa la mbele ni gumu, ligusieni kwa ulimi. Pelekeni ulimi nyuma zaidi, mtaona panakuwa laini. Hilo laini, na kimeo kinachoning'inia katikati, na mzizi wa ulimi, vyote vinashikiliwa na misuli. Mchana misuli imekaza. Usiku ukilala inalegea, na ukilala chali ulimi unarudi nyuma kwa uzito wake. Njia inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa kasi, turubai linapiga makofi. Huo ndio mkoromo.

Sasa kunyweni mtindi mzito kwa mrija mlaini. Unavyovuta kwa nguvu, ndivyo mrija unavyobonyea na kujifunga. Koo halina mfupa wa kulishikilia kwa ndani. Likishakuwa jembamba sana, ile nguvu ya kuvuta ndiyo inayolifunga. Hapo mkoromo unakatika, na mwenye kulala kando anasema, "Afadhali, ametulia."

Hajatulia!

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, madaktari wanaiandika. Ikikatika au kupungua sana mara 5 kwa saa, tayari ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Ikifika mara 30 kwa saa, ni ugonjwa mkali. Pigeni hesabu wenyewe, mara 30 kwa saa 7 za usingizi. Mara 210 usiku mmoja hewa ya damu inashuka, ubongo unashtuka, moyo unapigwa kengele ya hatari, presha inaruka, koo linafunguka. Mara 210, na asubuhi mwenyewe hakumbuki hata moja. Anachokumbuka ni kwamba mdomo umekauka, kichwa kinagonga, na aliamka mara tatu kwenda kukojoa. Analaumu kibofu.

Nilikuwa na mgonjwa wangu mmoja, dereva wa semi, anapeleka mzigo Kigali. Mtu mwangalifu. Hanywi pombe, hali mirungi. Anafika Dodoma jioni, analala gesti saa nane nzima, asubuhi anaondoka. Siku hiyo, saa nne asubuhi jua kali, amepita Kintinku anaelekea Manyoni, utingo akaona gari linahama barabara taratibu, kwa heshima kabisa, kama linaloenda kumsalimia mtu porini. Akamtingisha. Yule dereva alipofungua macho matawi yanagonga kioo. Mungu akawaachia, hakukuwa na mti mkubwa.

Mnalijua hilo eneo. Wangekuwa wameukaribia mteremko wa Sekenke, leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Akaenda kwa mganga. Akaambiwa ametupiwa jinamizi, kuna mtu anamkaba usiku. Na ukimuuliza mkewe, ni kweli, alimwona anakabwa! Anatapatapa, anahema kama anayenyongwa. Akapewa hirizi. Halafu akaja kwangu kwa sababu ya presha. Alikuwa kwenye dawa za aina tatu na presha haishuki. Nikamuuliza maswali yote niliyofundishwa. Hakuna. Nikakata tamaa, nikamgeukia utingo wake aliyemsindikiza: "Kijana, bosi wako analalaje?" Akasema, "Bosi akilala kwenye kabini, mimi nalala chini ya lori na mbu. Mbu wana nafuu."

Kumbe jibu lilikuwa kwa utingo muda wote. Yule dereva alipimwa Dar es Salaam, akalazwa usiku mmoja na vifaa mwilini, pumzi yake ikaonekana inakatika zaidi ya mara 40 kwa saa. Mtu aliyelala saa nane alikuwa hajalala. Na presha isiyosikia dawa mara nyingi ina mkono wa ugonjwa huu nyuma yake, kama ilivyo kwa baadhi ya viharusi na mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Kwa hiyo dereva ukijiona unasinzia asubuhi na usiku ulilala, usikimbilie kahawa. Kuosha uso kwa maji ya chupa na kufungua kioo kunakupa dakika chache tu. Uliza aliyelala karibu nawe.

Nije kwenye pua.

Sisi watu wa Dodoma tuna kesi yetu maalumu. Tangu Mei mpaka Novemba hatuoni mvua ya maana, na upepo wa Agosti unaujua kila mtu aliyewahi kuanika nguo nyeupe. Vumbi lile linaingia puani. Pua si tundu tu. Inachuja hewa, inaipasha joto, inailowesha, ndipo inaipeleka mapafuni. Mdomo haufanyi hivyo. Pua ikiziba, mdomo unafunguka wenyewe usiku, taya linadondoka, na taya likidondoka linausukuma ulimi nyuma. Umeona jinsi mambo yanavyoshikana? Pua imeziba mbele, koo linafungwa nyuma.

Na msishangae mkiona tundu moja linaziba, baada ya saa kadhaa linafunguka na lingine linaziba. Hizo ni zamu zao, wameumbwa hivyo. Wasiwasi ni pale zote mbili zinapogoma.

Hapa nina ugomvi na matone ya kuzibua pua. Mama mmoja alikuja, muuza nguo pale Sabasaba, chupa ya matone iko kwenye sidiria kama simu. Anatia mara nane kwa siku. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu mafua ya Pasaka." Tulikuwa Oktoba! Hayo matone yanakausha uvimbe kwa saa chache, lakini ukiyatumia zaidi ya siku tano hivi, pua inayazoea, na yakiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo. Unatia tena. Inavimba tena. Mafua ya Pasaka yalishaisha Pasaka. Kilichobaki kilikuwa ugonjwa wa matone. Tuliyasimamisha, akateseka kama wiki mbili, akapewa dawa nyingine ya pua ya kutumia kwa muda mrefu, akapona.

Chenye nafuu na kisicho na gharama ni maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, chukua kikombe kimoja, tia chumvi robo kijiko cha chai mpaka nusu, koroga, jisafishe pua jioni kabla ya kulala. Maji yachemshwe kweli, si ya bombani moja kwa moja. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Zulia la chumbani, kama halina kazi, litoe. Pua ikiendelea kuziba nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hapo Hospitali ya Benjamin Mkapa wapo. Kuna pua zilizopinda ukuta wa kati, hizo hazisikii chumvi.

Vijana mmeniuliza kabla ya kikao kuhusu plasta. Mmeona mtandaoni watu wanabandika plasta mdomoni walale. Nani alianza mtindo huu sijui, lakini nisikilizeni. Kama pua imeziba na wewe umefunga mdomo, umebaki na mlango gani? Na kama pumzi inakatikia kooni, plasta ya mdomoni inafanya nini kooni? Inanyamazisha mkoromo tu. Umenyamazisha kengele na moto unawaka. Kwa mtoto ni marufuku, kwa aliyekunywa ni marufuku.

Watoto. Hapa naomba kina mama mnisogelee.

Mtoto wa miaka mitano alikuja kutoka vijiji vya Chamwino. Mdomo wazi mchana na usiku. Anakoroma mpaka wageni wanauliza kuna mzee gani ndani. Alishaacha kukojoa kitandani, akaanza tena. Shule ya awali mwalimu anasema hatulii, mara anasinzia, mara anapiga wenzake. Bibi yake akasema ni kimeo kimekuwa kirefu, kikatwe. Kikakatwa, kwa wembe, na mtoto akavuja damu mpaka akaongezewa nyingine hospitali. Na bado akakoroma.

Simlaumu bibi, alimpenda mjukuu wake. Lakini kimeo kila mtu anacho, ni kiungo cha Mungu, na kukikata nyumbani kumeua watoto kwa damu na maambukizi. Cha mtoto huyu kilikuwa mafindofindo makubwa yanayokutana katikati, na nyama za puani zilizoziba njia ya nyuma ya pua. Kati ya miaka 2 na 8 ndipo vitu hivyo vinapokuwa vikubwa kuliko njia yenyewe. Akafanyiwa upasuaji hospitali. Usiku wa kwanza nyumbani, mama yake hakulala. Alikaa na kiganja mbele ya pua ya mtoto mpaka alfajiri. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Baba, nyumba ilikuwa kimya. Nilidhani amekufa."

Huu ndio ukimya pekee ninaoufurahia.

Mtoto anayekoroma akiwa na mafua, mwacheni, yataisha. Anayekoroma usiku mwingi wa wiki bila mafua, analala kainua kidevu, anatoka jasho jingi, mleteni. Na kina mama wenyewe msijifiche. Hedhi ikikoma, mkoromo unaongezeka, si aibu. Mjamzito aliyeanza kukoroma wakati wa mimba aseme kliniki, apimwe presha kwa makini.

Tufanye nini basi? Nitasema niliyoyafanya mimi.

La kwanza, ubavu. Fundi alinishonea mfuko mgongoni mwa fulana, ndani mpira wa tenisi. Nikijigeuza chali, mpira unanifukuza. Kiwiko cha mama watoto kikastaafu. La pili, kitanda. Nilitia matofali chini ya miguu ya upande wa kichwani. Si kurundika mito, mito inakunja shingo na kuzidi kuziba.

La tatu lilikuwa gumu, kitambi. Mafuta ya shingoni na ulimini yanabana njia kwa ndani. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulikadiria kwamba anayepunguza asilimia 10 ya uzito wake anapunguza kukatika kwa pumzi kwa takriban robo. Mimi nilikuwa kilo 98, sasa ni 87. Sikunywa dawa ya mtandaoni. Niliacha chipsi za saa tatu usiku na nikaanza kutembea kabla jua halijachomoza. Ilichukua mwaka na miezi, na bado nikipata mafua nakoroma, nisiwadanganye.

Pombe inalegeza lile turubai. Mvinyo wetu wa Dodoma sina ugomvi nao, ila uishe muda wa saa nne nzima kabla ya kulala. Vidonge vya usingizi vivyo hivyo, na vile vya mafua vinavyolewesha, ambavyo dereva havimfai hata mchana. Sigara mnaijua.

Ukiwa na ugonjwa mkali, dawa kubwa ni mashine. Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliitangaza mwaka 1981. Ya mwanzo aliiunda kwa mota ya kifyonza vumbi, badala ya kuvuta inapuliza, hewa inapitia kibarakoa cha puani na kulishikilia koo wazi, kama upepo unavyojaza mfuko. Yule dereva wangu anayo, anaiunga kwenye betri ya lori. Bei yake inauma, sifichi. Presha yake sasa inasikia dawa, na utingo kahamia kabini.

Na kuna moja litawachekesha. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walichapisha jaribio la watu 25. Waliofundishwa kupuliza didgeridoo, lile gogo refu la wenyeji wa Australia, kwa miezi minne, walipungua kusinzia mchana, na pumzi ilikatika mara chache zaidi. Misuli ya koo ilipata mazoezi. Wagogo wenzangu msianze kujivuna, zeze na ilimba ni vya mikono. Tutafute cha kupuliza.

Nimalize hapo. Maswali.

[Maswali yalikuwa mengi. Naweka moja.]

Mama mmoja wa mbele, kitenge cha kijani, akauliza: "Baba, umesema mwenye kujua ni anayelala kando. Mume wangu nyumbani analala siku nne kwa mwezi. Huko njiani nani amsikilize?"

Ukumbi ukapiga kelele, na swali lake lilikuwa zuri kuliko hotuba yangu. Nikamjibu hivi: mama, siku hizo nne zinatosha. Ukimwona amenyamaza katikati ya mkoromo, hesabu kimoyomoyo. Njiani, simu iwekwe karibu na mto, irekodi sauti saa mbili za mwanzo, mzisikilize pamoja akirudi. Mzee mmoja akasema yeye ana kitochi. Basi, mzee wangu, utingo.

Tulikuwa tumeleta futi ya fundi cherehani na mashine ya presha, tukaviweka mezani karibu na mlango. Shingo ikizidi sentimita 40, na mtu anakoroma, na presha iko juu, jina linaandikwa ili aende kwa daktari. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bwana mmoja mnene wa upande wa kulia, ambaye mkono wake sikuuona ulipoulizwa nani anakoroma. Akasema amekuja kwa ajili ya presha tu. Futi ikasoma 44. Mkewe alikuwa nyuma yake, akamwambia kijana mwenye daftari, "Mwandike. Ukimaliza, niandike na mimi, sijalala tangu tuoane."